Kasper hakushindwa

Nimesoma makala inayodai kwamba Antonín Kasper wa Prague, bingwa wa vijana wa mwaka 1982, alipoteza kipaji chake kwa kuwa hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za spidiwei. Hoja hiyo ni nyepesi.

Mwandishi amesahau jinsi taji lile lilivyokuwa likitolewa. Hadi 1994, fainali kwa kawaida ilikuwa siku moja tu. Kila mpanda pikipiki alikimbia mara tano, kila mbio mizunguko minne, yapata dakika moja. Pikipiki yenyewe haina breki, ina injini ya sentimita za ujazo 500 na hutumia methanoli. Unaingia kwenye kona ukiteleza kiubavu. Mwenzako akianguka mbele yako, huna cha kukanyaga. Mnyororo ukikatika mara moja, mwaka mzima umekwisha. Na hiyo ndiyo tuiite mizani ya maisha ya mtu?

Kisha kuna hatari, ambayo makala haikuigusa kabisa. Luboš Tomíček, Mcheki mwenzake wa kizazi kilichotangulia, alifia mashindanoni Pardubice mwaka 1968. Kasper aliyajua hayo, maana baba yake naye alikuwa mpanda pikipiki, na bado alishindana miaka mingi, nyumbani na katika ligi ya Uingereza.

Saratani ilimuua mwaka 2006, akiwa na miaka 43. Kumwita aliyeshindwa ni kutoujua mchezo huu.