Kondoo Mwema: Mbegu, Umri na Malisho

Kila Idi ya Kuchinja ikaribiapo, wasomaji wetu hutuuliza: tufuge kondoo gani? Twajibu kuwa nyama hutokana na mambo matatu.

La kwanza ni mbegu. Dorper, aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930, hukua upesi na hujaa nyama. Lakini unyevu wa pwani yetu hustawisha minyoo ya tumbo, naye ni dhaifu mbele yake. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ni mdogo wa umbo, ila huistahimili. Majaribio yaliyofanywa Diani katika miaka ya 1990 yalidhihirisha kuwa huku kwetu yeye ndiye mwenye faida zaidi. Mjane aliyetia akiba yake yote katika Dorper huweza kuipoteza kwa masika moja.

La pili ni umri. Nyama ya mwanakondoo ni laini. Umri uzidipo, hukakamaa. Wa udhhiya, kwa madhehebu yetu ya Shafi, na atimize mwaka, au awe ameng'oka meno ya mbele kabla ya hapo. Basi tumtazame kinywa kabla ya kulipa.

La tatu ni malisho. Mwana hulishwa kupitia kwa mamaye: kondoo jike akikosa chakula mwishoni mwa mimba, maziwa huwa haba na mwana hudumaa. Pumba na mashudu ya nazi tuyazidishe kidogo kidogo. Nafaka nyingi kwa ghafula huweza kumwua.

Mwenye kutaka kondoo mwema Idi ijayo, na aanze leo.