Ndege Kongwe za Kivita na Nafasi Isiyopangwa Angani

Kila ndege ya enzi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia inapoanguka mbele ya watazamaji, lawama ya kwanza huangukia umri wake: husemwa kwamba bati limechoka, kwamba injini ni za zamani mno, na kwamba mahali pake ni makumbusho, si angani. Maelezo hayo ni mepesi kukubalika, na katika baadhi ya ajali yana ukweli, lakini hayatoshi kueleza ajali ambazo ndege mbili zilizo nzima, zinazorushwa na marubani wazoefu, hugongana mchana kweupe mbele ya maelfu ya watu. Toleo hili limekusudiwa kuichunguza aina hiyo ya pili, na hoja inayolifungua ni kwamba ndege kongwe zinaporuka kwa makundi, hatari kubwa zaidi imo katika nafasi iliyopo baina ya ndege na ndege, na hasa katika swali la nani aliyeipanga nafasi hiyo, lini, na kwa maandishi gani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa tarehe 12 Novemba 2022 katika uwanja wa ndege wa Dallas Executive, Texas, wakati wa maonyesho ya Commemorative Air Force, shirika linalotunza na kurusha ndege za zama za vita kwa kutegemea sana watu wa kujitolea. Makundi mawili yalikuwa angani kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa la ndege tano za mabomu, likiongozwa na B-17G iliyoitwa Texas Raiders, ndege nzito ya injini nne yenye watu watano ndani. La pili lilikuwa la ndege tatu za mapambano, na ya tatu kati yake ilikuwa P-63F Kingcobra, ndege ya injini moja na ya mtu mmoja. Makundi hayo yaliongozwa kwa redio na msimamizi wa anga, yaani mtu anayekaa chini na kuelekeza ndege gani ipite wapi na wakati gani. Aliziagiza ndege za mapambano zijipange moja nyuma ya nyingine, zipite mbele ya zile za mabomu, na zifuate mstari ulio futi 500 kutoka kwa watazamaji, takriban mita 150, huku zile za mabomu zikifuata mstari wa futi 1,000. Agizo lilitaja mistari ya ardhini, lakini halikutaja kimo, na wala katika kikao cha kabla ya kuruka hapakuwa na makubaliano ya kundi gani liruke juu na lipi liruke chini. P-63, ikiwa imelalia upande wa kushoto katika kona, iliipiga B-17 ubavuni upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bawa. Watu wote sita waliokuwa katika ndege hizo mbili walifariki.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika taarifa yake ya mwisho, haikusema kwamba chanzo kilikuwa umri wa ndege. Ilieleza kwamba msimamizi wa anga na waandaaji hawakuwa na mpango wa kutosha, uliojadiliwa kabla ya safari, wa kuzitenganisha ndege, na badala yake walitegemea maelekezo ya papo kwa papo pamoja na uwezo wa marubani wa kuonana na kukwepana. Bodi iligusa pia upungufu wa mwongozo na usimamizi kutoka kwa mamlaka ya shirikisho inayosimamia usafiri wa anga. Jambo la kuangaliwa kwa makini ni hilo la kuonana na kukwepana, kwa sababu katika vitabu vya urubani linatajwa kama kinga, ilhali katika mazingira ya maonyesho linakaribia kuwa matumaini tu.

Sababu zake ni za kimaumbile kabla hazijawa za kibinadamu. Ndege mbili zinazoelekea kugongana, kila moja ikishika njia iliyonyooka na mwendo usiobadilika, hazisogei machoni pa marubani wake: kila mmoja humwona mwenzake akiwa pale pale kwenye kioo, kama doa, na doa hilo huanza kukua kwa kasi katika sekunde za mwisho tu. Jicho la binadamu limezoea kunasa kitu kinachotembea, na kile kilichotulia hulipita bila kugunduliwa. Juu ya hayo, ndege za miaka ya 1940 zina pua ndefu, mabawa mapana na fremu nene za madirisha ambazo kila moja huficha kipande cha anga, na rubani anapoilaza ndege katika kona, tumbo la ndege yake hufunika upande mzima ambao angepaswa kuuangalia. Kisha kuna umakini wenyewe. Rubani wa tatu katika mstari ana jukumu la kuwafuata wawili walio mbele yake, kusikiliza redio, kutafuta mstari wa onyesho na kupima mwendo; kumtaka pia agundue kundi jingine ambalo hajaambiwa liko katika kimo gani ni kumbebesha kazi ambayo ilipaswa kumalizwa mezani asubuhi.

Ndani ya kundi lenyewe hatari huchukua sura nyingine. Kuruka kwa kundi kunamhitaji rubani kiongozi, ambaye ndiye anayeangalia njia, na marubani wa ubavuni, ambao kazi yao ni kumtazama kiongozi na kushika nafasi zao kwake bila kuhangaika na kinginecho. Utaratibu huu ni salama maadamu kila mmoja anaendelea kumwona anayepaswa kumwona, na huvunjika hasa katika nyakati mbili: wanapokusanyika na wanapotawanyika. Wakati wa kukusanyika, tofauti ya mwendo ya kilomita 40 kwa saa humeza takriban mita 11 kila sekunde, na anayekuja kwa haraka mno, akigundua kosa lake na kuinua bawa ili apunguze mwendo, huweza kumpoteza kiongozi wake chini ya tumbo la ndege yake. Tarehe 10 Julai 2011, huko Duxford, Uingereza, ndege ya P-51 Mustang na Skyraider zilizokuwa katika kundi moja ziligongana. Rubani wa Mustang aliruka kwa mwavuli na kupona, na Skyraider ikatua salama ikiwa imepoteza ncha ya bawa. Kwamba hakuna aliyekufa siku hiyo kulitokana na kimo na bahati, na labda ndiyo sababu tukio hilo halizungumzwi kwa kadiri linavyostahili.

Wala hatari hii haikuzaliwa na maonyesho. Tarehe 31 Desemba 1944, baada ya shambulio la Hamburg, B-17 mbili za Marekani ziligongana juu ya Bahari ya Kaskazini wakati rubani mmoja, Glenn Rojohn, akisogea kuziba pengo katika kundi. Ndege iliyokuwa chini ilipanda ikanasa kwenye tumbo la ile ya juu, na mbili hizo zikaruka zikiwa zimeshikana hadi zikaanguka katika ardhi ya Ujerumani. Rojohn na rubani msaidizi wake walinusurika. Kilichoanza kama kosa la kutoonana kati ya walio juu na walio chini hakina tofauti kubwa na yale yanayosomwa katika taarifa za miaka ya karibuni, isipokuwa kwamba mwaka 1944 makundi yalibanwa pamoja ili bunduki za ndege moja zilinde nyingine. Leo hakuna adui anayezilazimisha ndege hizi zikaribiane.

Husemwa kwamba timu za kijeshi huruka karibu zaidi na bado huwa salama. Kulinganisha huko kunasahau kwamba timu hizo hutumia ndege za aina moja, zenye mwendo mmoja, na marubani wanaofanya mazoezi ya onyesho lile lile msimu mzima, ilhali kundi la ndege kongwe huchanganya ndege nzito na nyepesi, za kasi na za pole, zikirushwa na watu ambao wengine hukutana mwishoni mwa juma. Na hata timu hizo hazina kinga kamili: huko Ramstein, Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1988, ndege tatu za timu ya Italia, Frecce Tricolori, ziligongana, na watu 70 wakafa, wengi wao wakiwa watazamaji.

Haki inadai ikubaliwe kwamba umri na matunzo navyo huua. B-17 iliyoitwa Nine-O-Nine, iliyoanguka Connecticut tarehe 2 Oktoba 2019 na kuua watu saba, ilikuwa peke yake angani. Wachunguzi walitaja jinsi ndege ilivyoendeshwa baada ya injini moja kuzimwa, pamoja na matunzo yasiyotosha. Ajali ya aina hiyo inahitaji mafundi na wakaguzi. Ile ya Dallas ilihitaji karatasi moja yenye vimo viwili vilivyoandikwa, na kikao ambacho kila rubani angeweza kuuliza kundi lake likipotezana na jingine litoke upande gani.

Waandaaji hujibu kwamba mpango mgumu huondoa uhai wa onyesho, kwa kuwa msimamizi stadi hupanga upya mapito kadiri hali ya hewa na hitilafu zinavyojitokeza. Jibu hilo lina uzito kuhusu mpangilio wa mapito na muda wake, lakini halina uzito kuhusu vimo. Mtazamaji aliyesimama mita 300 kutoka kwenye mstari wa onyesho, akiinua shingo kuzitazama ndege nane zikipita kwa ngurumo, hawezi kutambua iwapo kundi moja liko mita 60 juu ya jingine, na wala kamera yake haiwezi. Kwa tofauti hiyo ambayo hakuna aliyelipa kiingilio angeiona, amri iliyokosewa kwenye redio ingebaki kosa la kujadiliwa jioni katika kikao cha marubani.