Nasaba ya Mwanasesere

Wapo wanaocheka wakisikia kwamba mtu mzima aweza kutumia umri wake kukusanya wanasesere wadogo wa nyumba za kuchezea, wale waliotengenezwa Thuringia, Ujerumani, wengi wao kabla ya Vita vya 1914. Sisi hatucheki. Kichwa na viungo vya mwanasesere huyo ni kaure isiyotiwa mng'ao, na mwili mara nyingi ni nguo iliyojazwa. Mkusanyaji hodari hutafuta alama kwanza. Wanasesere wakubwa wa kaure huwa nayo nyuma ya shingo: Simon & Halbig, au Armand Marseille, pamoja na namba ya kalibu. Kichezeo kina nasaba!

Wajerumani hao hao waliishika Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, mwaka 1894, hata Wareno wakaitwaa Aprili 1916. Ng'ambo ya mto, mwaka 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka uwanda wa Wamakonde akinunua vitu vya watu. Leo vinyago na mapiko vimetapakaa Ulaya, na mara nyingi kibandiko husema neno moja tu: Makonde. Kiwanda kina jina, mchongaji hana.

Lakini sisi walimu tumefanya nini? Mtoto wa Palma alipokuja darasani na mwanasesere wa matambara, tulimnyang'anya, kisha tukamwagiza aandike insha juu ya mdoli wa kitabuni. Hatukumwuliza nani alimshona, wala humwimbia nini akimlaza. Vita vilianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Palma ikashambuliwa Machi 2021. Maelfu walikimbia. Nani akikimbia hukumbuka kubeba matambara?

Mwenzetu mmoja alitujibu kuwa huo ni mchezo wa wasichana, haumo katika sarufi. Atuambie basi: kulisha, kuvisha, kulaza, kuogesha, vitenzi hivyo vya kutendesha mtoto huvizoea wapi kabla ya kumwona mwalimu?

Twataka kila mwalimu wa pwani hii awe na daftari: mwanasesere, aliyemtengeneza, maneno yake. Sisi tumeanza na mmoja, wa leso kuukuu na sufi. Mwenyewe humwita Bi Mkubwa. Alishonwa na bibi wa mtoto huyo, na jina la bibi tumeliandika kwanza, kwa herufi kubwa.