Mtoto akiwa Bibi Salme, usikimbilie gauni la Ulaya

Mtoto anarudi nyumbani na habari: katika igizo la shule yeye ndiye Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, na mzazi atafute vazi. Mzazi wa Engaresero anashika simu, anaandika "pateni ya gauni la binti mfalme", na zinakuja picha za Ulaya: kiuno kimekazwa, sketi imepanuka kama mwavuli. Fundi akionyeshwa hiyo atadai kitambaa kingi, bitana na zipu, na hesabu inaweza kuondoka na mbuzi. Mtoto naye atatokwa jasho ndani ya gauni hilo, kwa joto la huku bondeni karibu na Ziwa Natron. Na bado si vazi la Salme.

Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, baba yake akiwa Sayyid Said. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Humo anaeleza walichovaa wanawake wa jumba la Sultani: kanzu, suruali na kitambaa cha kichwani. Utajiri ulionekana kwenye kitambaa na mapambo. Ipo pia picha yake maarufu, aliyopigwa Ujerumani akiwa amevaa nguo za kwao. Itafute kwa jina la Emily Ruete, alilolitumia baada ya ndoa, na hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi.

Pateni sasa si shida tena, maana imo kichwani mwa fundi yeyote anayeshona kanzu za Idi. Badani ni kipande kimoja kirefu kinachokunjwa mabegani, mbele na nyuma. Taharizi ni vipande vya ubavuni vinavyoipanua nguo kuelekea chini. Mikono imenyooka, na chini yake kuna kikwapa, kile kipande kidogo kinachomwezesha mtu kuinua mkono bila kuchana nguo. Usikubali fundi akiruke kikwapa. Mtoto wa jukwaani hainui mikono kwa adabu.

Kwa mtoto wa miaka 10 hivi, mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 zinatosha kanzu inayoishia chini ya magoti pamoja na suruali. Chagua kitambaa chepesi. Fedha iliyobaki inunue utepe wa kung'aa wa kuzungushia shingo, mikono na miguu ya suruali, maana hapo ndipo macho ya watazamaji yatakapotua. Shanga za Kimaasai zipo tele na ni nzuri, lakini zisubiri igizo jingine.

Wapo watakaopata pateni ya kanzu mtandaoni na kuituma stationary ya Karatu ichapwe. Sawa, ila mwambieni kijana wa kompyuta asiipunguze ili ienee kwenye karatasi. Pateni nyingi zina mraba mdogo wa kupimia. Upimwe kwa rula kabla ya kulipa, kwani ukipungua hata kidogo, kanzu nzima itabana. Njia rahisi zaidi ni kulaza shati la shule linalomtosha juu ya mfuko mtupu wa saruji uliokung'utwa vizuri, kulichora ukiongeza vidole vinne kila upande, kisha kurefusha hadi chini ya magoti.

Barakoa, ile ya kufunika uso, mtoto aishike mkononi au aivae kwa muda mfupi tu, la sivyo hatasikika wala kuona ukingo wa jukwaa.

Limebaki jambo moja ambalo halina gharama. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Kwa igizo, mfupa wa bega la ng'ombe utafaa. Uchemsheni, uanikeni juani mpaka uwe mweupe, kisha mpeni mtoto na kalamu.