Marekani: Ratiba ya televisheni inapangwa New York, hasara inalipwa mikoani

Kila mwaka mwezi wa tano, wakubwa wa televisheni kama NBC, ABC na Fox wanaita wenye publisite mjini New York. Wanawaonyesha ratiba ya usiku ya msimu utakaoanza Septemba. Wenye sabuni, magari na dawa wanaangalia kila usiku uko na nini, kisha wananunua sehemu kubwa ya nafasi mbele hata emisio hazijapita. Ratiba, kumbe, ni bidhaa.

Saa zinazogombaniwa ni kuanzia saa mbili mpaka saa tano ya usiku, kwa saa za New York. Fox inachukua mbili tu, ya tatu inaachia vituo vya mikoa. Mpangaji anategemea uvivu wa mtu aliyekwisha kukaa kwenye kiti: mchezo mpya unawekwa nyuma ya ule unaopendwa, ama katikati ya miwili inayopendwa, ili mtu asitafute kituo kingine. Siku nazo hazilingani. Alhamisi ni ghali juu filamu mpya za sinema zinatoka Ijumaa, na wenye kuzitengeneza wanataka kufikia watu usiku ule. Ndiyo sababu mwaka 2001 CBS ilihamisha Survivor mpaka Alhamisi, uso kwa uso na Friends ya NBC, na nyuma yake ikaweka CSI.

Lakini kuko mtu mwingine ambaye haketi kwenye meza hiyo. NBC iko na vituo zaidi ya 200 vinavyopitisha emisio zake, na vingi si mali yake. Kituo cha mkoa kinaishi hasa kwa publisite inayouzwa ndani ya habari zake chenyewe, za saa tano ya usiku. Watu wa habari hizo wanatoka wapi? Wengi ni wale waliobaki baada ya mchezo wa saa nne.

Mwaka 2009 NBC ilitafuta njia ya kupunguza gharama. Michezo ya polisi na ya madaktari inakula pesa nyingi. Mtu anayechekesha na kuzungumza na wageni anakula kidogo. Basi kuanzia tarehe 14 Septemba, Jay Leno akapewa saa nne ya usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mapema, mwezi wa nne, kituo cha WHDH cha Boston kilikuwa kimesema hakitamupitisha, kitaweka habari zake mahali pale. NBC ikajibu kwamba itakinyanganya haki ya kupitisha emisio zake zote. WHDH ikanyamaza.

Kwa hesabu ya NBC, watazamaji wachache hawakuwa shida kubwa, kwani emisio yenyewe ilikuwa rahisi. Hesabu hiyo ilisahau habari za saa tano. Watazamaji wake walipungua katika miji mingi, na wenye vituo wakaanza kulalamika kwa nguvu. Januari 2010 NBC ikakubali kuondoa emisio ile. Ya mwisho ilipita tarehe 9 Februari. NBC ilitaka kumurudisha Leno saa tano na nusu na kusogeza mbele Conan O'Brien, ambaye alikuwa amepewa saa ile miezi saba tu. O'Brien akakataa, akaondoka na fidia ya mamilioni ya dola. Magazeti yaliandika sana juu ya ugomvi wa hawa wachekeshaji wawili, kidogo juu ya vyumba vya habari vya mikoani, wakati moto uliwakia kule.

Leo watu wengi wanatazama kwa intaneti saa wanayotaka, na mchezo wa mbele hauwashiki tena sawa zamani. Ndiyo maana michezo ya mipira, inayotazamwa palepale inapochezwa, imepanda bei: tangu Oktoba 2025 NBC imeweka basiketi ya NBA Jumanne usiku. Kuhusu saa nne, mwaka 2022 ilisikika kwamba wakubwa wa NBC wanafikiri kuirudisha kabisa kwa vituo vya mikoa. Mpaka sasa bado wanaishika.