Ukerewe: tulale wapi?

Haya wadau, boom limeingia na washkaji hapa Mkolani wanapanga Ukerewe. Ubishi ni gesti. Wengi wanataka Nansio, ukishuka tu melini umefika, halafu Ukara waende na kurudi siku hiyohiyo.

Mimi napinga. Ukara ni kisiwa kingine, unavuka tena kutoka Bugolora. Ukishalipia kitanda Nansio, jioni utajibana hata kwenye kivuko kilichofurika. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, chenye uwezo wa abiria 101, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi. Walikufa zaidi ya watu 200.

Kama mnaenda kuona jiwe linalocheza, laleni Ukara. Hela ya gesti isikupandishe chombo ambacho roho imekikataa.

Mnasemaje?