KUPUNGUZA MATITI KWA UPASUAJI: JE, NI KUBADILI UMBILE LA ALLAH?



Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu, mama zangu na mabinti zangu. Leo naandika jambo ambalo wengi wetu hatulitaji msikitini. Najua wapo watakaosema, "Imamu mzima anaandika habari za matiti?" Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnijibu. Mama yetu Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ummu Sulaym (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) swali la ndani kabisa la mwanamke, na akajibiwa. Kama wao hawakuona haya kuuliza, sisi tunaoitwa masheikh tusione haya kujibu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Yapata miaka mitatu iliyopita, baada ya swala ya Isha, alinifuata mzee mmoja wa msikitini kwetu hapa Geita. Ni mchimbaji mdogo, ana hisa kwenye duara, mtu wa kimya. Akaniambia, "Sheikh, daktari anasema binti yangu afanyiwe upasuaji, apunguzwe kifua. Dini inasemaje?" Mimi viatu viko mkononi, nataka kwenda kula. Nikamjibu, "Hapana mzee wangu. Huko ni kubadili umbile la Allah. Mwambie awe na subira." Akasema, "Haya sheikh," akaondoka.

Haikufika hata dakika moja. Sikumuuliza binti ana umri gani. Sikumuuliza anaumwa nini. Sikumuuliza daktari ameona nini. Nilisikia neno "matiti" na neno "kupunguza", nikatoa hukumu.

Ulipita zaidi ya mwaka. Siku moja mke wangu akaniuliza, "Baba, kile kiti cha plastiki upande wetu wa akina mama, unajua anakikalia nani?" Nikasema bila shaka ni bibi fulani mwenye magoti mabovu. Akasema, "Bibi gani! Ni binti wa miaka ishirini."

Ndipo nikaambiwa habari yote. Binti alivunja ungo akiwa na miaka kumi na miwili, na kifua kikaanza kukua bila kusimama. Mgongo unauma, shingo inauma. Mikanda ya sidiria imechimba mabega mpaka yana mifereji, na bado lazima avae mbili na kujifunga khanga juu yake. Kipindi cha joto ngozi ya chini ya matiti inalowa jasho, inachubuka, inakuwa vidonda. Usiku halali chali, anasikia kubanwa pumzi. Alikuwa anajifunza cherehani, akaacha, maana kuinama nusu saa ni mateso. Na akirukuu na kusujudu, kunyanyuka ni kazi. Kwa hiyo anaswali amekaa kwenye kiti, na umri wake ni ule ambao wenzake wanabeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni.

Huyo ndiye niliyemwambia awe na subira.

Usiku ule nilikumbuka hadithi ambayo nimeisomesha madrasa mara nyingi, ameipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe akapasuka kichwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake, je, kuna ruhusa nitayamamu? Wakamwambia hawaoni ruhusa, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui.

Tazama, ndugu yangu. Wale watu hukumu waliijua: janaba inaogewa. Walichokosa ni kulitazama jeraha. Mimi nami aya niliijua, jeraha sikulitazama.

SASA TUJE KWENYE HUKUMU

Ni kweli katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, Allah ametueleza ahadi ya Iblisi kwamba atawaamrisha watu wabadili maumbile. Na ni kweli Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Ibn Masud (r.a.) laana juu ya wenye kuchanja chale za rangi mwilini, wenye kunyoa nyusi na wenye kutenganisha meno. Lakini katika hadithi hiyo hiyo limetajwa kusudio: wanafanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Wanazuoni wetu walilishika neno hilo, wakasema anayetengeneza jino bovu au kuondoa dhara hayumo humo. Sababu ya katazo ni kulichezea umbile kwa urembo. Kutibu ni mlango mwingine.

Dalili iko wapi? Iko kwenye dhahabu, na sisi watu wa Geita dhahabu tunaijua. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, siku ya Kulab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaoza ikanuka. Mtume (s.a.w.) akamwamuru ajitengenezee pua ya dhahabu. Wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Fikiri hapo. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, hata pete ya kidole. Lakini ilipokuja haja ya mtu aliyeharibika uso na kuteseka na harufu, aliamrishwa aivae katikati ya uso wake, kila mtu aione. Kama haramu iliyo wazi ilifunguliwa kwa ajili ya pua, vipi tumfungie binti ambaye mgongo wake unapinda?

Na wanazuoni wa zama zetu wamelijadili. Mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, likatoa azimio namba 173 kuhusu upasuaji wa urembo. Wakaruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali na kazi yake, na wa kuondoa kasoro inayomdhuru mtu mwilini au nafsini. Wakakataza ule wa kufuata matamanio na mitindo bila haja.

Hapa Tanzania, mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilitangaza huduma za upasuaji rekebishi, kupunguza matiti ikiwemo. Mnakumbuka mitandaoni tulishika nini? Tulishika makalio. Vichekesho wiki nzima. Mwenye kuongeza makalio ili apigwe picha na mwenye kupunguza mzigo ili aweze kusujudu, wote tukawatia kapu moja. Hao hawalingani. Mwenye afya njema, asiye na maumivu, anayetaka tu afanane na msichana aliyemuona kwenye simu, huyo katazo linamhusu na ninamnasihi amche Allah. Mwenye kuumwa ana hukumu ya mgonjwa. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mabedui kama watafute tiba, aliwaambia watafute, kwani Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, isipokuwa uzee.

MAMBO TUNAYOSEMA BILA ELIMU

La kwanza: "Huyo kashikwashikwa na wanaume ndiyo maana." Nimelisikia kijiwe cha bodaboda, nimelisikia kwa akina mama kisimani. Ni uongo. Matiti hukua kwa homoni za balehe, kwa urithi wa ukoo, na kwa uzito wa mwili. Wapo wasichana ambao matiti yao hupokea homoni hizo kwa nguvu kupita kawaida na kukua haraka sana, na madaktari wanalijua tatizo hilo. Mkono wa mtu haukuzi titi. Unayemsingizia mwanamke mwema zinaa kwa kutazama kifua chake, soma Suratun-Nur aya ya 4 uone fimbo themanini anachapwa nani.

La pili: "Karogwa." Yule mzee, kabla ya kuja kwangu, alishapita kwa waganga wawili. Binti akachanjwa chale, pesa ya mavuno ya duara ikaishia huko. Cha ajabu, kwa mganga hakuja kuuliza dini inasemaje. Wala mabinti zetu wanaojichubua kwa mkorogo hatuwaulizi, na krimu nyingine zimewahi kukutwa na zebaki, ile ile tunayokamatia dhahabu kwenye mialo. Huko ndiko kubadili umbile, tunakutazama tumenyamaza. Ila hospitali ikitajwa, ndipo tunakumbuka aya.

La tatu: "Atanyonyeshaje?" Hili ni swali la haki. Upasuaji huu unaweza kupunguza maziwa, au hata kuyakosesha. Zipo njia ambazo daktari huiacha chuchu ikiwa imeshikana na tezi zake, nafasi ya kunyonyesha ikabaki kubwa zaidi. Binti ambaye hajazaa aulize hilo mapema. Lakini tusiligeuze kuwa pingu. Suratul-Baqara aya ya 233 imetaja miaka miwili ya kunyonyesha, na aya hiyo hiyo imeruhusu kumtafutia mtoto mwanamke mwingine wa kumnyonyesha. Mtume wetu (s.a.w.) alinyonyeshwa na Halima. Titi ni neema, na mwenye titi naye ni kiumbe wa Allah.

La nne: "Atamvulia nguo daktari mwanamume?" Atafutwe kwanza daktari mwanamke. Asipopatikana mwenye ujuzi huo, dharura ina kiasi chake: panafunuliwa panapohitajika tu, na awepo muuguzi mwanamke au mahram wake. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) ameeleza, na ipo kwa Bukhari, kwamba wanawake walitoka na Mtume (s.a.w.) vitani wakiwanywesha maji wapiganaji na kuwatibu majeruhi. Majeruhi wale walikuwa wanaume.

KWAKO BINTI UNAYESOMA HAPA

Usikimbilie kisu, na usikitoroke kwa hofu ya maneno. Anza hospitali ya mkoa hapa Geita, ueleze maumivu yako bila kuficha. Ikibidi utapewa rufaa kwenda kwa madaktari bingwa, Bugando Mwanza au Muhimbili. Siku hizi hata kivuko cha Busisi hatukisubiri, daraja lipo tangu 2025. Uliza maswali yako yote. Je, kifua kimeshasimama kukua? Kama bado, kinaweza kukua tena baada ya upasuaji, ndiyo maana madaktari wengi hupenda kusubiri kwanza. Je, kupunguza uzito kutasaidia? Ni upasuaji wa usingizi kamili, wa saa kadhaa. Wanaondoa mafuta, tezi na ngozi iliyozidi, kisha wanaipandisha chuchu. Makovu hubaki. Wengine hupoteza hisia kwenye chuchu, kwa muda au moja kwa moja. Kisha zinafuata wiki kadhaa bila ndoo, bila kuni, bila jembe. Ukijua hayo yote, uswali istikhara, umtake shauri mama yako na daktari wako, kisha uamue.

KWAKO BABA

Binti yako hawezi kukueleza haya kwa mdomo wake. Ukimuona amejikunja mabega, havai ila nguo za kupwaya, ameacha kutoka nje, usimwambie ana kiburi wala uvivu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimsimamia Fatima (r.a.) anapoingia, akamkalisha mahali pake. Wewe angalau muulize mama yake.

NA KWENU MAIMAMU WENZANGU

Tuache fatwa za mlangoni mwa msikiti. Mtu akikuuliza juu ya mwili wake, mkalishe, umsikilize. Usichokijua katika tiba, muulize daktari kwanza. Kusema "sijui, ngoja niulize" ilikuwa ada ya Imamu Malik, na hakupungukiwa na kitu.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule mzee pamoja na mke wangu. Nilikaa kwenye mkeka, nikamwambia mbele ya familia yake, "Mzee wangu, nilikujibu bila kukuuliza. Nimekosea. Nakuomba msamaha wewe, na zaidi namuomba binti." Mzee alinyamaza kitambo, akasema, "Sheikh, mimi ningempeleka siku ile ile." Neno hilo ninalo mpaka leo. Mwaka na ushei wa maumivu, kwa jibu la dakika moja.

Binti alitibiwa. Kidonda kimoja kilichelewa kupona, na anasema upande mmoja bado una ganzi. Hakuficha, na ameniruhusu niandike bila jina lake wala mtaa wake, ili msije mkadhani ni jambo jepesi. Lakini amerudi kwenye cherehani. Na Ijumaa iliyopita mke wangu aliniambia kile kiti cha plastiki kimehamishiwa kwa yule bibi mwenye magoti mabovu. Binti yuko safu ya mbele ya akina mama, paji la uso wake liko chini kwenye mkeka.

Ewe Allah, tusamehe tuliyoyasema bila elimu, waponye wagonjwa wetu wanaoficha maumivu kwa haya, na utujaalie ndimi zinazouliza kabla ya kuhukumu. Aamiin.

Wallahu a'lam.

Mwenye swali la faragha, dada zangu, mpitishieni mke wangu pale msikitini baada ya darsa ya akina mama. Wengine mfikishieni mwenzenu ujumbe huu, huenda nyumbani kwake kuna binti anayesubiri ruhusa ambayo dini yake ilishampa.